Matufaha yaliyoungua ganda Chake Chake: chumba cha baridi kina kosa gani?

Mwanzoni mwa Ramadhani ya mwaka 2026, muuza matunda mmoja wa Chake Chake, Pemba, alianza kutoa matufaha yake ya kijani kwenye chumba cha baridi alichokodi. Mzigo wote ulikuwa katoni 60, kila moja ya kilo 18 hivi. Siku yalipotoka yaling'aa, magumu, hayana doa. Siku ya tatu yakaanza kuingia vivuli vya hudhurungi visivyo na mpaka. Siku ya tano vivuli vikaungana vikawa mabaka, na ilipotimia wiki, nusu ya meza ilikuwa ya matufaha yaliyo kama yamemwagiwa chai. Watu waliyashika, wakayageuza, wakayarudisha.

Mzigo wenyewe hakuwa ameulipia. Aliuchukua kwa mali kauli kwa muuzaji wa jumla wa Unguja, wakakubaliana atume pesa kila akiuza. Ramadhani ndiyo miezi yake mitatu ya mauzo iliyobanwa katika mmoja, kwa hiyo kila katoni iliyoharibika ilikuwa na deni nyuma yake na hakuna mwezi mwengine wa kulifidia.

Simu ya kwanza aliipiga Unguja. Akajibiwa: "Dada, mzigo umeondoka kwangu mzima, na wewe mwenyewe ulinambia umefika mzima. Kilichouunguza kiko huko huko kwenu." Jibu hilo likampeleka kwa mwenye chumba cha baridi, mzee mmoja anayewakodishia wauza kuku, wauza samaki na wauza matunda, kila mmoja na chumba chake.

"Ami, epo zangu zimeungulia kwako."

"Mwanangu, chumba changu kinapoza, hakiunguzi. Na hizo epo nyekundu zako zimo humo humo, mbona hazina kitu?"

Sokoni nako kila mtu akawa na lake. Wengine walisema umeme ulikatika usiku kucha wiki moja kabla. Wengine walisema katoni zilikaa juani bandarini Mkoani zikisubiri gari. Na lililoenea kuliko yote, na ndilo lililomuumiza zaidi kibiashara, ni kwamba matufaha hayo yalipigwa dawa Afrika Kusini na sasa dawa inajitokeza juu ya ganda. Maneno hayo yakifika kwa mama anayenunua matunda ya futari ya watoto wake, haliuziki hata tunda zima.

Aliniita kwa sababu kazi yangu ni hifadhi ya mazao baada ya kuvunwa. Nilikwenda, na naandika kisa hiki kwa urefu kwa kuwa lawama ilikuwa inaelekea kwa mtu asiyehusika, na kwa kuwa jambo lenyewe litarudi tena miaka inayokuja kwa sababu nitakayoieleza.

Nilianza na kisu. Ganda lilipomenywa kwa wembamba, rangi ya hudhurungi ilitoka pamoja nalo. Chini yake nyama ilikuwa nyeupe, ngumu, ina maji na ule ukali wake wa kawaida. Tulimenya matufaha mengi, yaliyougua kidogo na yaliyougua sana, na jibu likawa lile lile: ugonjwa umeishia kwenye ganda. Hiyo peke yake inafuta mambo mengi. Tufaha lililoganda kwa baridi, yaani lililoshuka chini ya nyuzi mbili hasi au karibu na hapo, huharibika nyama: likiyeyuka linakuwa laini, limelowa maji, na kahawia hadi ndani. Tufaha lililogongwa huwa na bonde lenye nyama iliyobadilika rangi pale lilipopigwa. Lililooza linalegea na kunuka. Hakuna kimojawapo hapo.

Kisha nikaangalia mahali mabaka yalipokaa. Tufaha hili la kijani, Granny Smith, huwa na upande mmoja uliopigwa na jua mtini. Utauona kwa umanjano kidogo, mara nyengine wekundu hafifu. Jua kali la shambani linaweza kuacha jeraha linalojitokeza baadaye ghalani, lakini jeraha hilo hukaa upande huo wa jua. Hapa ilikuwa kinyume. Upande wa jua ulikuwa safi, na mabaka yamejaa upande wa kijani kibichi, ule uliokaa kivulini. Wala hayakuwa vidoa vidogo vilivyodidimia karibu na kitako cha tunda, ambavyo hutokana na upungufu wa kalisiamu na huwa na nyama kavu, chungu, chini yake. Hayakuwa pia na kingo kali kama zilizochorwa, na hayakuanzia kwenye vitundu vya kupumulia vya ganda kama inavyokuwa amonia ikivuja ghalani. Chumba cha mzee kinatumia gesi ya kawaida ya mafriji, si amonia.

Mabaka yasiyo na mpaka, juu ya ganda tu, upande usio na rangi ya jua, yanayotokea siku chache baada ya tunda kutoka kwenye baridi na kuingia kwenye joto: wanaohifadhi matufaha wanalijua tatizo hili kwa jina la kuungua ganda. Hakuna moto wala jua ndani yake. Ni jeraha la baridi ya muda mrefu, na Granny Smith ni miongoni mwa aina zinazolipata kwa wepesi zaidi duniani.

Hapo muuza matunda akaniambia jambo la haki kabisa: "Sasa si umesema baridi? Basi chumba kina kosa."

Lebo ya ubavuni

Katoni ya matufaha ya Afrika Kusini ina lebo ubavuni. Inaonyesha aina ya tunda, daraja, idadi ya matunda yaliyomo, na namba za utambulisho za shamba na za nyumba ya kufungia. Watu wengi sokoni husoma idadi tu, kwa sababu ndiyo inayoonyesha ukubwa wa tunda: 100 ni makubwa, 150 ni madogo. Tukaomba zitolewe katoni zote, zilizofunguliwa na zisizofunguliwa, tukazipanga sakafuni kwa namba ya shamba. Wachukuzi wawili walisaidia, mmoja akisoma namba kwa sauti.

Zikatoka safu mbili. Safu moja katoni 41, nyengine 19. Aina moja, meli moja, chumba kimoja, rafu zilizochanganyika. Katika zile zilizokwisha kufunguliwa na kukaa dukani wiki nzima, matufaha yote yaliyoharibika vibaya yalikuwa ya safu ya kwanza. Ya safu ya pili yalikuwa na kivuli kwenye tunda moja moja, mengi hayana kitu.

Chumba hakiwezi kuchagua shamba. Kama hitilafu ingekuwa ya baridi ya Chake, ingefuata mahali katoni zilipokaa: zilizo karibu na feni zaidi, au zilizo karibu na mlango zaidi. Haikufuata mahali, ilifuata asili ya tunda. Na hapo hapo jua la Mkoani nalo likaondoka kwenye kesi, maana jua lingepiga katoni za juu na za ubavuni bila kuuliza zimetoka shamba lipi.

Hoja ya mzee kuhusu epo nyekundu ilikuwa nzuri, ila isingetosha peke yake. Zile nyekundu zilikuwa Gala, na Gala haiungui ganda kwa urahisi hata ikikaa jirani na Granny Smith inayoungua. Kupona kwake kunaonyesha kwamba chumba hakikugandisha matunda, basi. Hakuonyeshi zaidi ya hapo.

Ili jambo liishe bila kubakia shaka, tulimwomba muuzaji wa jumla atoe kwenye ghala lake la Unguja katoni mbili zenye namba ya lile shamba la kwanza, ambazo hazijavuka bahari ya Pemba wala kuona chumba cha mzee, aziache ofisini kwake bila baridi. Alikubali, nadhani kwa kuwa alitaka kutuonyesha. Siku ya tano alituma picha mwenyewe. Chini yake aliandika: "Dada, na hizi zangu zimeanza."

Kuhusu umeme, Pemba inaupata kutoka Tanga kwa waya wa chini ya bahari tangu 2010, na kukatika kupo. Lakini usiku mmoja bila baridi unalifanya tufaha liive, lilegee, ganda lishike utelezi wa mafuta. Hautoi mabaka haya. Watafiti wamewahi hata kulijaribu jambo hilo kwa makusudi: kuyatia matufaha joto kwa muda mfupi katika wiki za mwanzo za hifadhi, kisha kuyarudisha kwenye baridi, na kuungua kukapungua. Nilipima joto la chumba cha mzee kwa kipimajoto kilichochomekwa ndani ya tunda, kwa sababu namba ya mlangoni inasoma hewa ya feni. Kulikuwa na nyuzi 3 nyuma na karibu 5 mlangoni. Si chumba kamili cha matufaha, ambayo hupenda sifuri au moja, lakini kwa wiki chache hakina hatia yoyote.

Lililotokea ndani ya ganda

Tufaha likiwa kwenye baridi halijalala. Linapumua, na ganda lake linaendelea kutoa vitu, mojawapo mafuta mepesi yanayoitwa alfa-farnesini, yanayojikusanya kwenye nta ya juu. Katika miezi ya mwanzo ya hifadhi mafuta hayo yanakutana na oksijeni ya hewa na kugeuka kuwa vitu vikali vinavyodhuru seli za tabaka zilizo chini tu ya nta. Seli zinaanza kufa, ila kwenye baridi kufa huko kunakwenda polepole, na rangi haijitokezi. Tunda linatazamwa, linaonekana zima, linafungwa, linasafirishwa. Likitoka kwenye baridi na kukutana na joto letu la kaskazi, seli zilizoumia zinapasuka, vimeng'enya vinafanya kazi yake, na hudhurungi inatokea ndani ya siku tatu hadi saba.

Hiyo ndiyo sababu lawama humwangukia aliye mwisho. Jeraha lilifanyika miezi mingi nyuma, maelfu ya kilomita kusini, na alama yake ikangoja mlango wa chumba cha Chake ufunguliwe.

Na dawa ile iliyosemwa sokoni? Ukweli ni kinyume chake kabisa. Dawa ndiyo inayozuia kuungua. Kwa miongo kadhaa matufaha yalichovywa difenilamini baada ya kuchumwa ili mafuta ya ganda yasikutane na oksijeni. Umoja wa Ulaya umeacha kuiruhusu, na tangu 2014 umeshusha sana kiwango cha mabaki yake kinachokubalika, kwa hiyo wakulima wanaouza huko wamehamia njia nyengine. Moja ni gesi ya 1-MCP, inayotumika kwa kiasi kidogo mno, karibu sehemu moja katika milioni ya hewa ya chumba. Inaziba milango ambayo ethilini, homoni ya kuivisha, hupitia, na ganda linatoa farnesini kidogo. Nyengine ni maghala yaliyofungwa kabisa na kupunguzwa oksijeni, kutoka asilimia 21 ya hewa ya kawaida hadi moja na nusu au chini yake. Kabla ya yote hayo, mwanzoni mwa karne iliyopita, Wamarekani walikuwa wakiyafunga matufaha moja moja kwa karatasi iliyolowekwa mafuta, nayo ilinyonya mvuke wa ganda. Ilisaidia.

Kwa hiyo safu ya kwanza na safu ya pili zinaweza kutofautiana kwa mengi: shamba moja lilichuma mapema kabla tunda halijakomaa vizuri, au lilikuwa na usiku wa baridi mchache kabla ya kuchuma, au gesi iliingizwa imechelewa, au haikuingizwa. Kila moja ya hizo huongeza kuungua. Lebo haisemi ipi.

Hesabu ya miezi

Lakini kuna jambo moja ambalo halihitaji lebo, na ningependa kila muuza matunda wa visiwani alitie akilini. Granny Smith ya Afrika Kusini huchumwa kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Aprili. Baada ya hapo hakuna nyengine hadi mwaka unaofuata. Tunda lililokuwa mezani Chake Chake mwishoni mwa Februari 2026 lilichumwa karibu miezi kumi nyuma. Tarehe ya kufungwa inaweza kuwa ya Januari, kwa sababu matufaha hukaa kwenye mapipa makubwa ghalani na kutiwa katoni oda ikija. Muuza matunda wetu aliiona tarehe hiyo kwenye lebo akaona mzigo mpya. Katoni ndiyo iliyokuwa mpya.

Na ghala la oksijeni chache hulinda maadamu tunda limo ndani. Likishatolewa, likakaa kwenye hewa ya kawaida ya nyumba ya kufungia, ya kontena, ya ghala la Unguja na ya chumba cha Chake, kinga inapungua wiki hadi wiki.

Sasa itazame kalenda yetu. Ramadhani inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Ilipokuwa Mei na Juni, matufaha ya kijani ya kusini yalikuwa ndiyo kwanza yanatoka shambani, na tatizo hili halikuwa na nafasi. Mwaka 2026 imeanguka Februari, 2027 itaanza mapema Februari, 2028 mwishoni mwa Januari. Mwezi wa mauzo makubwa kuliko yote umekutana na wakati ambao Granny Smith ya kusini ni nzee kuliko wakati wowote. Na wateja wetu wa Ramadhani wanaitaka hiyo ya kijani, hasa wenye maradhi ya sukari wanaopenda ukali wake, na watu wanaokwenda kukagua wagonjwa.

Njia ipo. Gala mpya ya Afrika Kusini huanza kuchumwa mwishoni mwa Januari. Matufaha ya nchi za kaskazini mwa dunia yamechumwa Septemba na Oktoba, kwa hiyo Februari yana miezi minne au mitano tu. Na kama ni lazima iwe Granny Smith ya kusini, basi ichukuliwe kidogo kidogo, iuzwe ndani ya siku mbili tatu za kutoka kwenye baridi, isipangwe rafuni kwa wiki. Mimi binafsi nisingeichukua kwa mali kauli Februari hata kidogo, isipokuwa muuzaji anakubali kwa maandishi kubeba hasara ya kuungua.

Walivyomalizana

Walikaa barazani kwa mzee baada ya tarawehe, muuzaji wa jumla akiwa kwenye simu iliyowekwa sauti kubwa. Mzee hakudaiwa kitu, na muuza matunda alimwomba radhi mbele ya watu wale wale waliosikia maneno ya mwanzo. Hilo lilikuwa muhimu kwa mzee kuliko pesa. Wauza kuku wawili walikuwa wamekwisha kuulizana kama chumba chake kina hitilafu.

Kuhusu zile katoni 41, muuzaji wa jumla alikubali kufuta nusu ya bei ya zilizoharibika. Si haki kamili, lakini yeye pia alibaki na zake ghalani. Matufaha yenyewe hayakutupwa, na hayakupaswa kutupwa: ni salama, ni matamu, ubaya wake ni wa kuonekana. Muuza juisi mmoja wa Wete alichukua mengi kwa bei ya chini, ayamenye. Yaliyobaki muuza matunda aliyauza mezani kwake kwa mafungu, na kila aliyeuliza habari ya dawa alikatiwa tunda nusu kwa nusu akaone nyama. Mama mmoja alimpa kipande hapo hapo mwanawe mdogo asiyefunga, akanunua fungu mbili. Katoni 19 za safu ya pili ziliuzwa zote kwa bei kamili kabla ya kumi la mwisho.

Kilichobaki bila kumalizika ni kwa muuzaji wa jumla na aliyemwingizia mzigo. Alipodai, aliambiwa malalamiko yalipaswa kufika ndani ya siku chache tangu kontena kufunguliwa. Masharti ya namna hiyo yanafaa kwa matunda yaliyooza au yaliyogandishwa, maana hayo huonekana mlango ukifunguliwa. Kwa kuungua ganda hayafai, kwa kuwa siku hiyo tunda bado linang'aa. Kwa mzigo wa Ramadhani ya 2027 amesema atadai siku kumi badala yake, na siku kontena litakapofunguliwa atatoa katoni moja ya kila namba ya shamba, aiache nje ya baridi, wala hatapeleka Pemba hata moja mpaka wiki ipite.